Uamuzi Upi?
Mwongozo kwa tabibu na daktari aliye karibu na nyumba ya mgonjwa

Ombi huja kwa maneno machache, na mara nyingi anayelileta ni mtoto wa mgonjwa: “Daktari, tunaomba utuandikie kama mzee bado ana akili timamu.” Kama wewe ni tabibu wa zahanati huko Uru, au daktari wa kituo cha afya Rombo, huenda familia hiyo unaijua siku nyingi. Unajua nani anaugua kisukari, nani ameacha dawa za presha, na nani na nani hawasemezani. Mzee mwenyewe ameketi pembeni, fimbo katikati ya magoti, anatazama dirishani. Kalamu iko mkononi, muhuri uko mezani. Kabla hujaandika chochote, mrudishie aliyeomba swali moja: uamuzi upi? Mzee anataka kuuza shamba? Kuandika wosia? Kukubali au kukataa kupasuliwa? Kuendelea kuishi peke yake baada ya kufiwa na mkewe? Hoja yote ya mwongozo huu imo katika swali hilo. Uwezo wa kuamua haukai ndani ya mtu kama kundi lake la damu, ukapimwa mara moja na kuandikwa kwenye kadi. Unahusu jambo fulani, kwa wakati fulani, na mtu yuleyule anaweza kuwa nao asubuhi na kuukosa usiku, kuwa nao kwa habari ya dawa zake na kuukosa kwa habari ya mkopo wa benki.

Huenda unajiuliza kwa nini kazi hii iwe yako. Pale Moshi mjini ipo hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa 1971, na ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi. Kwa nini usiandike rufaa na kuendelea na foleni? Madaktari waliosomea udaktari wa familia kama fani ni wachache nchini, na wengi wanaofanya kazi hiyo hawana jina hilo mlangoni. Lakini kwa jambo hili, kukaa karibu ni utaalamu. Mzee anayetoka Tarakea hupanda gari alfajiri akiwa hajala, hufika mjini ametikiswa na safari, huingia katika jengo asilolijua, kisha huulizwa maswali na mtu asiyemjua, kwa Kiswahili ambacho yeye hukitumia sokoni tu. Anachokiona mtaalamu katika nusu saa hiyo ni uchovu uliochanganyika na hofu. Wewe unajua alivyokuwa mwaka jana. Unaweza kumwita tena Alhamisi. Unaweza kupita kwake. Rufaa ina mahali pake, kwa ugonjwa wa akili usioeleweka vizuri au shauri lililokwisha kuwa mzozo, lakini ikiandikwa ili kukwepa mazungumzo ya dakika ishirini inamwondoa mgonjwa kwa mtu anayeweza kumpima vizuri na kumpeleka kwa mtu asiye na nafasi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba kupima uwezo kwa jambo mojamoja ni fikra iliyoletwa kutoka Ulaya. Kweli, Uingereza ilitunga sheria mahsusi ya jambo hili mwaka 2005, nasi hatuna inayofanana nayo. Lakini tazama sheria zetu zenyewe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiulizi kama mtu ni mwendawazimu. Inauliza kama, wakati anapofanya mkataba, anaweza kuuelewa na kupima kwa busara athari zake kwa maslahi yake. Inakwenda mbali zaidi: mtu ambaye kwa kawaida hana akili timamu, lakini huwa nayo nyakati nyingine, anaweza kufunga mkataba katika nyakati hizo anapokuwa nayo. Na kanuni za wosia katika Tamko la Sheria za Mila la 1963, zilizoandikwa kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba, zinataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mashahidi hao wanashuhudia tendo la siku ile, mahali pale. Waliotunga kanuni hizo walielewa kwamba kinachotafutwa ni hali ya mtu anapotamka neno lake, na kwamba ndugu peke yao hawatoshi kuithibitisha. Anayeomba cheti cha jumla cha “akili timamu” anaomba kitu ambacho hata mahakama haikihitaji.

Anza basi kwa kumdhania mgonjwa kuwa ana uwezo, na usifanye hivyo kwa adabu tu. Takwimu za hapa hapa zinakuunga mkono. Mwaka 2010 watafiti walipita katika vijiji sita vya Wilaya ya Hai wakawachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, waliokuwa na demensia, yaani ugonjwa wa kusahau unaovuruga maisha ya kila siku, walikuwa asilimia 6.4. Hiyo ni idadi kubwa kwa mtu anayepanga huduma za wazee, na Kilimanjaro ni mkoa wenye wazee wengi. Lakini igeuze uisome upande wa pili: katika kila wazee mia wa umri huo, zaidi ya tisini hawana ugonjwa huo. Kijana wa miaka arobaini anayekuambia “unajua tena, ni mzee” hajakupa dalili yoyote. Amekutajia umri. Na hata katika wale wachache wenye ugonjwa, wengi wako katika hatua ambayo bado wanaweza kukuambia kwa uhakika nani wanataka awapikie na nani hawataki ashike pesa zao.

Sasa upande wa pili wa jambo, ambao huzungumzwa mara chache. Mwaka 2011 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti nyingi kuhusu suala hilihili. Kwa wazee wenye afya wanaoishi nyumbani, waliokosa uwezo wa kuamua kuhusu matibabu yao walikuwa asilimia 2.8. Kwa wagonjwa waliolazwa katika wodi za magonjwa ya ndani walikuwa asilimia 26, yaani mmoja katika kila wanne. Madaktari waliokuwa wakiwahudumia waliwatambua asilimia 42 tu ya hao waliokosa uwezo; waliobaki waliwapita bila kuwaona. Walipomtaja mtu kuwa hana uwezo kwa kawaida walikuwa sahihi. Kosa lao lilikuwa kutotazama. Sababu si ngumu kuikisia: anayekubali hapimwi. Mgonjwa anayeitikia kwa kichwa na kuweka dole gumba anapopelekewa fomu haleti shida kwa mtu, hivyo hakuna anayemuuliza ameelewa nini. Anayekataa ndiye huitiwa daktari, ndiye huandikiwa “amechanganyikiwa”. Kwa hiyo jiwekee kanuni hii: kukubali kusiko na maneno kunastahili kuulizwa maswali kama kukataa kwenye kelele. Mama aliyelazwa kwa homa ya mapafu akiitikia “ndiyo mwanangu” kwa kila usemalo, muulize ndiyo hiyo ni ya nini.

Kabla ya kupima uwezo, ondoa yanayouziba. Hapa ndipo tabibu mwangalifu huokoa muda mwingi na aibu nyingi, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoitwa kuharibikiwa akili ni ugonjwa wa mwili unaotibika. Mzee aliyekuwa sawa Jumapili kanisani na Jumatano anaita majina ya waliokufa hajazeeka ndani ya siku tatu. Pima sukari kwanza, hasa kama anatumia vidonge vya kisukari na hali vizuri. Pima malaria. Sikiliza kifua, uliza habari ya mkojo, mtazame kama ana upungufu wa maji, uliza kama ameanguka na kujigonga kichwa. Kisha omba mfuko wa dawa umwagwe mezani, wote, pamoja na zile alizonunua duka la dawa muhimu: piriton ya mafua, diazepamu ya usingizi, amitriptilini ya maumivu ya miguu. Kila moja ya hizo inaweza kumchanganya mtu wa miaka themanini, na zikikutana ni zaidi. Uliza kuhusu pombe ya mbege na vinywaji vikali bila kuhukumu, na uulize pia kama ameacha ghafla, maana kuacha kwa ghafla nako kunavuruga akili. Mchunguze kama ana sonona. Mtu aliyekata tamaa husema “potelea mbali” kwa kila jambo na hilo huonekana kama kutoelewa. Baada ya hapo shughulikia masikio na macho. Nta ya masikio imewafanya watu wengi waonekane wapumbavu, na mtoto wa jicho kadhalika. Kama hali imekuja ghafla na inapanda na kushuka, tibu kwanza. Uamuzi unaoweza kungoja wiki mbili ungoje.

Halafu lugha. Wazee wengi wa mlimani wanakijua Kiswahili, lakini kujua lugha ya kununulia sukari si kujua lugha ya kupimia hatari ya upasuaji. Kichaga nacho si kimoja: cha Machame na cha Rombo havisikilizani kirahisi, kwa hiyo muuguzi kutoka Kibosho huenda asikusaidie kwa bibi wa Useri. Tafuta mkalimani asiye na maslahi katika jambo linaloamuliwa. Mtoto anayetaka shamba liuzwe hawezi kuwa ulimi wa baba yake katika mazungumzo ya kuuza shamba, hata akiwa mtu mwema kiasi gani. Na uonane na mgonjwa peke yake walau kwa sehemu ya mazungumzo. Vituo vyetu vina desturi nzuri ya kumpisha mzee atangulie kwenye foleni. Cha ajabu ni kwamba akishaingia chumbani, daktari humwamkia shikamoo kisha hugeuza kiti na kuzungumza na mwanawe.

Mazungumzo yenyewe hayana siri kubwa. Wataalamu wa nchi nyingi wamekubaliana kwamba unatafuta mambo manne, na yote yanapatikana kwa kuongea. Chukua mfano wa mzee mwenye kisukari na kidonda cha mguu kilichoanza kuoza, ambaye ameshauriwa akatwe chini ya goti. Mweleze kwa maneno mepesi: mguu una nini, tunapendekeza nini, kuna njia gani nyingine, na nini kinaweza kutokea akikubali au akikataa. Kisha mwambie: “Mzee, hebu nieleze nilichokuambia, kwa maneno yako, kama unavyomweleza mke wako ukifika nyumbani.” Usimuulize kama ameelewa. Kila mtu hujibu ndiyo kwa swali hilo, na mzee Mchaga mwenye adabu zake hujibu ndiyo upesi zaidi. Akikurudishia kiini cha jambo, ameelewa, hata kama hakulitaja jina la ugonjwa. Akishindwa, kosa linaweza kuwa la maelezo yako. Yarudie, punguza maneno, chora. Pili, sikiliza kama anaona kwamba jambo hilo linamhusu yeye. Mtu anaweza kueleza vizuri kabisa kwamba mguu uliooza huua, na papo hapo akasisitiza kwamba mguu wake ni mzima ingawa harufu imejaa chumba. Huyo ana taarifa, lakini hajaipokea. Tatu, muulize amefikiaje uamuzi wake: “Umelinganisha nini na nini?” Hapa humpimi usomi. Unatafuta kama anaweza kuweka mambo mawili kwenye mizani na kukuambia lipi lina uzito kwake na kwa nini. Nne, awe anaweza kukujulisha anachokitaka, kwa njia yoyote. Aliyepooza ulimi kwa kiharusi anaweza kubana mkono wako mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana. Chukua muda kuhakikisha kwamba kubana huko kuna maana, kwa kumuuliza kwanza maswali ambayo majibu yake unayajua.

Rudia swali kuu baada ya dakika kadhaa, na ikiwezekana siku nyingine. Anayeshikilia jibu moja kwa sababu ileile anakuonyesha uamuzi. Anayebadilika kila umuulizapo, bila habari mpya katikati, anakuonyesha kitu kingine. Kusahau peke yake hakuharibu neno: inatosha akumbuke kwa muda unaohitajika kuamua, na kesho akikumbushwa akaamua vilevile, una ushahidi mzuri kuliko wa mtu mwenye kumbukumbu kali anayeyumba.

Kipo kipimo cha kumbukumbu kilichotengenezwa Hai kwa ajili ya wazee wa Afrika, kinachojulikana kama IDEA, na kinafaa uwe nacho. Kina alama 15, na uzuri wake ni kwamba hakimwaibishi asiyesoma: kinamwomba mtu ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, akumbuke maneno kumi, aseme daraja ni kitu gani, apange njiti za kiberiti kwa mfano aliouona. Kalamu haihitajiki, jambo la busara kwa kizazi ambacho sehemu yake haikushika kalamu. Lakini kipimo hiki kinakuambia kama uchunguze zaidi habari ya demensia. Hakikuambii kama huyu bibi anaweza kuamua kuhusu uvimbe wake wa titi. Anaweza kupata alama chache na bado akakupa sababu zilizonyooka. Mwingine anaweza kutaja wanyama thelathini huku anaamini kwamba wauguzi wanamtilia sumu kwenye dripu. Kuandika “alama 6 kati ya 15, hana uwezo” ni kumpima mtu urefu kisha kutangaza uzito wake.

Sehemu ngumu kuliko zote kwa daktari ni kukubali kwamba mtu mwenye uwezo anaweza kuamua vibaya. Mfano unaofundishwa duniani kote ulitokea Uingereza mwaka 1993. Mtu mmoja aliyekuwa amelazwa Broadmoor, hospitali yenye ulinzi mkali, akiugua skizofrenia na akiamini kuwa yeye ni tabibu mashuhuri, aliota kidonda mguuni kikaoza. Madaktari walitaka kumkata; alikataa, akaenda mahakamani kuzuia asikatwe bila ridhaa yake. Mahakama ilikubaliana naye: pamoja na ugonjwa wake, alielewa kuhusu mguu, aliamini alichoambiwa na alikipima. Mguu ulitibiwa bila kukatwa, akaishi. Hata kama angekufa, hukumu ingekuwa sahihi, na hilo ndilo la kulishika. Sasa mlete mtu huyo mlimani. Mzee anasema hatakatwa, anataka kuzikwa mzima katika kihamba chake, shamba la ukoo wake, karibu na baba yake. Hiyo ni sababu. Wewe ungechagua tofauti, pengine hata wanawe, lakini amekuonyesha alichokiweka kwenye mizani. Vivyo hivyo kwa imani. Mwaka 2011 watu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa dawa iliyojulikana kama kikombe cha Babu, wakiwamo wasomi na viongozi. Hakuna aliyefikiri kuwaandikia cheti cha kukosa akili. Mama anayesema atasubiri maombi ya Ijumaa kabla ya kuamua kuhusu upasuaji anasema lugha ya watu wake. Angalia tu kama imani hiyo aliishi nayo kabla ya kuugua na kama wenzake wa usharika wanaitambua. Iliyozaliwa pamoja na ugonjwa, na ambayo hata mchungaji wake inamshangaza, ichunguze.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwenye familia, na nisingependa tulijibu kwa haraka. Linasema hivi: huku mtu hajiamulii peke yake, jambo la mzee ni jambo la ukoo, na daktari anayemtenga mzee chumbani anavunja utaratibu ulioilinda jamii hii muda mrefu kuliko hospitali. Nusu ya hoja hii ni kweli. Kushauriana hakupunguzi uwezo. Mzee anayesema “nawaachia wanangu” ameamua, na uamuzi wake ni kuwaachia. Mradi amesema mwenyewe, na anaweza kuutengua. Lakini nusu ya pili haisimami kwa mila zenyewe. Kwa Wachaga kihamba cha baba kwa desturi humwendea kitindamimba, na mzaliwa wa kwanza hupewa kwingine. Kila mtu mlimani anajua ni ugomvi kiasi gani hukaa katikati ya ndugu hao. Ndiyo maana kikao cha ukoo huitwa mzee akiwa hai, aseme mbele ya mashahidi. Ndiyo maana kuna jani la isale la kuombea radhi waliokosana. Mila inataka sauti ya mzee isikike, na haimkabidhi yeyote kazi ya kuisema kabla hajafa. Ukiwatoa watoto nje kwa dakika kumi kisha ukawarudisha, unaipa mila hiyo inachokihitaji: uhakika kwamba yatakayosemwa ni yake.

Jambo hilohilo, kwa sura nyingine, ni sahihi ya mume. Mwanamke mzima anayeelewa upasuaji anaofanyiwa ndiye mwenye ridhaa. Kumshirikisha mumewe ni jambo jema akitaka. Kumngojea mume atoke Arusha kuja kuweka sahihi wakati mgonjwa mwenye akili zake amekwisha kusema ndiyo ni kumtangaza hana uwezo bila kumpima.

Lipo pingamizi lingine, la wanasheria zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unasema katika ibara ya 12 kwamba watu wenye ulemavu wana haki sawa mbele ya sheria katika mambo yote. Kamati inayousimamia ilieleza mwaka 2014 kwamba kumnyima mtu haki ya kuamua kwa sababu ya kipimo cha akili ni ubaguzi. Kinachotakiwa ni kumsaidia aamue. Kuna ukweli mkubwa humo, na ndiyo sababu nimetumia nafasi kubwa kueleza masikio, lugha na dawa: kazi yako ya kwanza ni kumfikisha mtu kwenye uamuzi wake. Sikubaliani na kamati hiyo katika hatua ya mwisho. Mama anayeweweseka kwa homa, anayevuta dripu na kumwona marehemu dada yake mlangoni, hasaidiwi kwa kuheshimu hapana yake ya usiku ule. Asiyekubali kwamba hali kama hizo zipo huishia kuziacha ziamuliwe kimyakimya na yeyote aliye karibu na kitanda, bila maandishi na bila wa kuulizwa.

Kwa anayesema hana muda wa haya yote, jibu ni fupi. Maamuzi mengi hayahitaji zaidi ya mazungumzo unayopaswa kuwa nayo hata hivyo. Ukubwa wa kipimo ulingane na ukubwa wa jambo: kupima damu hakuhitaji robo saa, kukatwa mguu au kuhamisha ardhi kunahitaji.

Ukiona hana uwezo, mambo hayajaisha. Jiulize kwanza kama uwezo huo utarudi. Kama utarudi, fanya la dharura tu linalookoa maisha na kuzuia madhara, mengine yangoje. Kama hautarudi, waulize waliomjua si wanataka nini wao, bali yeye angesema nini: alikuwa mtu wa namna gani kuhusu hospitali, alimsemaje jirani aliyekatwa mguu? Na mgonjwa asiye na uwezo wa kuamua la upasuaji bado anaweza kuchagua nani alale naye wodini, usimpokonye hilo. Kwa mali, kaa mbali. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inawapeleka wanaotaka kusimamia mali za mtu mwenye ugonjwa wa akili mahakamani. Maoni yako ni ushahidi mbele ya hakimu au jaji. Hayamkabidhi mtu yeyote shamba, na familia iambiwe hivyo waziwazi kabla haijatoka chumbani.

Kisha andika, na andika kana kwamba atakayesoma ni wakili wa ndugu aliyeshindwa. Tarehe na saa. Nani walikuwamo, nani alitafsiri, ulikaa naye peke yake muda gani. Uamuzi uliokuwa mezani, kwa jina lake. Maneno yake mwenyewe ndani ya alama za kunukuu, hata yakiwa ya Kichaga, na tafsiri chini yake. Kwa mfano: “Amesema mguu utamuua usipokatwa, na kwamba anajua. Anakataa kwa kuwa anataka kuzikwa mzima. Ameulizwa tena baada ya siku mbili, jibu ni lilelile. Kwa maoni yangu, leo ana uwezo wa kufanya uamuzi huu.” Maneno leo na huu yasikosekane, ndiyo yatakayokulinda siku jalada litakapofunguliwa, na ndiyo yatakayomlinda mzee dhidi ya barua yako mwenyewe kutumiwa miaka mitatu baadaye kwa jambo ambalo hukumuuliza. Angalia hasa mwezi wa Desemba, watoto wanaporudi mlimani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, vikao vya ukoo vinapopangwa na kila mtu ana siku chache tu kabla ya gari la kurudi. Haraka hiyo ni yao. Ukiona inahitajika siku ya pili, iwe ya pili, hata kama tiketi imekwisha kukatwa. Barua ikikamilika, mkabidhi mzee mkononi. Mtoto akitaka nakala, amwombe baba yake.